Uvimbe wa Taya na Sindano Nyembamba

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Kyela hufika Tukuyu akiwa amejifunga koti, kwani mji ule umekaa juu ya mwinuko wa takriban mita 1,500 na zaidi, chini ya mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960, na mvua yake haina msimu maalumu wa kupumzika. Kutoka hapo njia huanza kuteremka. Migomba huendelea, lakini mashamba ya chai hupungua, hewa huwa nzito na koti huvuliwa. Mwisho wa safari mtu hukuta mpunga, kakao na ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambako urefu kutoka usawa wa bahari haufiki mita 500. Masukulu iko katika miteremko hiyo, baina ya baridi ya Tukuyu na joto la Kyela.

Yamkini msomaji wetu wa Mkokotoni au wa Wete atauliza: Masukulu inatuhusu nini sisi watu wa visiwani, ambao hatuna mlima wala baridi ya kuvalia koti? Jawabu letu ni kwamba kuna maradhi ya watoto ambayo wataalamu waliyachorea ramani katika Afrika ya Mashariki, na katika ramani hiyo miinuko mirefu na visiwa vyetu vilionekana vyeupe, kila kimoja kwa sababu yake. Na namna maradhi hayo yanavyotambuliwa, yaani kwa sindano, kipande cha kioo na rangi, ndiyo namna ambayo wilaya za bara na hospitali za visiwani zinaihitaji sawasawa. Kwa hiyo tumeonelea kulizungumza jambo hili kwa kirefu, tukiwalenga wananchi ambao ni wazazi, na viongozi ambao ndio wenye kalamu ya bajeti.

Maradhi yenyewe huanza kwa jambo dogo. Jino la mtoto wa miaka minne, mitano au sita hulegea pasipo sababu, na shavu huvimba. Mzazi husema ni jino, au husema ni machumbwichumbwi, na wala hatumlaumu, maana shavu la mtoto huvimba kwa mambo mengi na aghalabu hupoa. Lakini uvimbe huu haupoi. Baada ya wiki chache ufizi hujaa, meno hupinda na kusukumwa nje, jicho huweza kutokeza, na pengine tumbo nalo hujaa. Seli za uvimbe huo zina uwezo wa kujizidisha mara mbili kwa muda wa siku moja au mbili, kasi ambayo ni nadra kuonekana katika saratani nyingine yoyote ya binadamu. Mtoto aliyezungushwa kutoka zahanati hadi kwa mganga, na kutoka kwa mganga hadi zahanati nyingine kwa mwezi mzima, hufika hospitali akiwa mgonjwa mwingine kabisa.

Na hapa ndipo palipo na uchungu wa habari hii. Uvimbe huo huo unaoua upesi ndio unaoyeyuka upesi kwa dawa. Dawa iitwayo saiklofosfamaidi, ambayo ilianza kutumika Kampala katika miaka ya 1960 na ambayo si ya bei ghali, huweza kuupunguza uvimbe mkubwa katika siku chache tu, hata mama aliyempeleka mtoto akashindwa kuamini macho yake. Katika nchi zenye dawa kamili na uangalizi mkubwa, watoto wapatao tisa katika kumi hupona. Katika jirani yetu Malawi, kwa dawa chache za bei nafuu, madaktari wa Blantyre waliweza kuwaponya takriban nusu. Nusu si kitu kidogo kwa maradhi ambayo yasipotibiwa hayamwachi mtu. Lakini nusu hiyo huhesabiwa miongoni mwa waliofika na wakatambuliwa. Asiyefika haingii katika hesabu yoyote.

Jina la maradhi hayo ni limfoma ya Burkitt, nalo limetokana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake alimwita kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Muda mfupi baadaye, alipokuwa hospitali ya Jinja, akaona kwa mbali mtoto wa pili mwenye uso wa namna ile ile. Alipompima akakuta na tumbo nalo lina uvimbe. Akarudi Kampala akafungua mafaili ya zamani, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza.

Ni haki kusema hapa kwamba daktari wa upasuaji peke yake asingefika mbali. Katika maabara ya Kampala walikuwapo wanapatholojia, yaani wale madaktari ambao kazi yao ni kuyasoma maradhi ndani ya nyama na seli, na waliokuwa wameanzisha daftari la kuandikisha saratani. George O'Conor na Jack Davies walipoyapitia madaftari hayo waligundua kwamba karibu nusu ya saratani za watoto zilikuwa za aina moja, yaani limfoma, ambayo ni saratani ya chembechembe za kinga ya mwili. Kabla ya hapo uvimbe wa taya ulipewa jina lake, wa figo jina lake na wa ovari jina lake, kana kwamba ni maradhi matatu. Hadubini ndiyo iliyoyaunganisha. Aliyeyaona maradhi kwa jicho la nje aliona uso, na aliyeyaona kwa hadubini aliona chanzo. Kwa maoni yetu sifa ya Burkitt imewafunika mno hawa wa maabara, kama ilivyo kawaida ya mambo ya maabara.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli tunalijua neno saratani kwa maana yake nyingine, kuwa ni kaa, na kuwa ni burji mojawapo katika hesabu za falaki. Wayunani nao waliyaita maradhi haya kwa jina la kaa. Huenda waliona mishipa iliyotanda kandokando ya uvimbe wakaifananisha na miguu ya mdudu yule. Lakini kaa wa pwani huonekana akitembea. Huyu mwingine hutambuliwa tu na anayejua kumtazama.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili wamishonari, Ted Williams na Clifford Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford walilolinunua kwa pauni 250. Walisafiri maili zipatazo 10,000 katika muda wa wiki kumi, wakipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na kufika Afrika Kusini, wakisimama katika hospitali zaidi ya 50 na kuuliza swali moja tu: je, mmewahi kuona mtoto kama huyu wa pichani? Hospitali nyingine zilijibu ndiyo, nyingine zikajibu hapana, na majibu yalipowekwa kwenye ramani ukatokea mkanda. Palipo na joto na mvua uvimbe ulikuwapo. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, ukipanda juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi, uvimbe ulitoweka. Kwa kadiri walivyokwenda kusini mbali na ikweta, ndivyo mpaka huo ulivyoshuka.

Msomaji aitazame tena ile njia tuliyoanza nayo, kutoka Tukuyu kushuka Masukulu hadi Kyela. Ramani ya Burkitt ikitandazwa juu ya wilaya hizo, mpaka wenyewe unapita katika mteremko huo. Mtu wa kule anaweza kuuvuka kwa mguu asubuhi na akarudi jioni. Mtoto aliyezaliwa katika baridi hupelekwa kukaa na bibi yake bondeni kwa msimu mzima wa mpunga. Kwa hiyo mganga wa zahanati ya miinukoni asijiambie kwamba maradhi haya ni ya watu wa chini.

Na visiwa vyetu? Unguja na Pemba hazina mlima, joto lao ni la kutosha na mvua zao mbili zinajulikana. Kwa kanuni ya ramani, uvimbe ulipaswa kuwa mwingi huku. Lakini Burkitt alivitaja visiwa hivi miongoni mwa mahali ambapo ulikuwa adimu, naye katika maandishi yake ya mwaka 1969 akalihusisha jambo hilo na malaria. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwaka 1968 ilifanyika huku kampeni kubwa ya kuangamiza malaria, nyumba zikapuliziwa dawa, shamba na mjini, na vijidudu vikapungua sana katika damu za watoto. Miinuko ya bara haikuwa na uvimbe kwa sababu baridi huwanyima mbu uhai mzuri. Visiwa havikuwa na uvimbe kwa sababu watu walipigana na mbu. Lililokuwa ni la maumbile kule, huku lilikuwa ni kazi ya mikono.

Kampeni ile ilipokomeshwa, malaria ilirudi kwa nguvu, na wazee wetu wanayakumbuka mashuka yaliyokuwa yakitetemeka. Ilibidi kuanza upya. Kuanzia mwaka 2003 ikaja dawa mpya ya mseto, kisha vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumbani, na maambukizo yakashuka mpaka chini ya asilimia moja. Tunaliandika hili kwa makusudi, kwa kuwa zipo sauti zinazosema kwamba malaria imekwisha na fedha zake zihamishwe. Mwaka 1968 ulisemwa usemi wa namna hiyo hiyo.

Uhusiano wa malaria na saratani ya taya si wa moja kwa moja, na hatupendi kumtisha mtu kwamba kila homa ni njia ya kwenda kwenye uvimbe. Mwezi Machi mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwapo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Tangu siku hiyo vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwezi Desemba mwaka 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu wa London ikateremshwa Manchester, na kipande kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angekitupa. Epstein alitazama akaona seli zinaelea zikiwa hai, akazikuza, na mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kuwa wameona kirusi ndani yake. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, na chaitwa Epstein-Barr mpaka leo.

Karibu kila mtoto wa nchi zetu hupata kirusi hicho akiwa mdogo, na wengi mno hawadhuriki nacho. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayoonekana kuzichochea chembechembe za kinga zijizidishe ovyo na kuidhoofisha ile kinga inayokilinda kirusi kisitawale. Katika kuzidiana huko hutokea siku ambapo kromosomu ya 8 hukatika na kipande chake kujiunga na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, na jeni iitwayo MYC, yenye kazi ya kuamrisha seli igawanyike, hubaki imewashwa bila mtu wa kuizima.

Watanzania wa Mara Kaskazini walishiriki katika kuyapima haya. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, katika eneo lenye hospitali ya Shirati, watoto wa chini ya miaka kumi walipewa klorokwini mara kwa mara ili ionekane kama malaria ikipungua uvimbe nao utapungua. Malaria ilishuka mwanzoni, kisha ikapanda tena vijidudu vilipoizoea dawa. Uvimbe ulipungua, lakini ilidhihirika kwamba ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa, na wataalamu hawakuthubutu kutangaza ushindi. Sisi tunauheshimu utafiti wa namna hiyo kuliko ule unaokuja na ngoma.

Sasa tuingie katika sindano. Zahanati inapomwona mtoto mwenye shavu lililovimba, au mtu mzima mwenye tezi ya shingo isiyopoa, swali ni moja: ni kitu gani hiki? Njia ya kale ni kukata kinyofu cha nyama kwa kisu, kukihifadhi katika formalini, kukigandisha ndani ya nta, kukichana vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, kukitia rangi na kukisoma. Ni njia bora, lakini yataka chumba cha upasuaji na siku kadhaa. Njia ya pili ni sindano nyembamba. Ilielezwa New York mwaka 1930 na Martin na Ellis, ikastawishwa na Waswidi wa Stockholm katika miaka ya 1950 na 1960, na jambo la kupendeza ni kwamba haihitaji chochote ambacho hospitali ya wilaya haina.

Sindano yenyewe ni ya namba 22 hadi 25, nyembamba kuliko ile inayotumika kutolea damu mkononi. Ngozi husafishwa, uvimbe hushikwa baina ya vidole viwili, sindano huingizwa na kusogezwa mbele na nyuma mara chache, kisha hutolewa. Kinachobaki ndani yake ni kidogo kuliko tone la mvua. Hupulizwa juu ya kipande cha kioo, hupakazwa kwa kioo cha pili, hukaushwa kwa upepo na kutiwa rangi ya Giemsa. Rangi hiyo imepata jina lake kwa Gustav Giemsa wa Hamburg, aliyeieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuona vijidudu vya malaria! Ni ile ile ambayo mafundi wetu wa maabara wameizoea tangu siku za mafunzo yao. Katika muda wa saa moja kioo kiko chini ya hadubini.

Na limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa maradhi yanayojitokeza vizuri kwa njia hii. Mwaka 1963 Denis Wright wa Kampala alieleza sura ya seli zake baada ya kugusisha kioo kwenye uvimbe mbichi: seli zilizolingana kwa ukubwa, zenye maji ya buluu iliyokoza, na ndani ya buluu hiyo vitundu vyeupe vya mafuta kana kwamba vimetobolewa kwa pini. Katika kinyofu kilichokatwa hutokea sura nyingine ambayo wataalamu huiita anga lenye nyota: seli za saratani zilizosongamana ndizo giza la usiku, na katikati yake zimetawanyika seli kubwa nyeupe zilizokuja kula maiti za wenzake, ndizo nyota. Mvuvi wa kwetu angeielewa picha hiyo bila ya kufundishwa.

Twajua kwamba wapo watu wengi, bara na visiwani, wanaoamini kuwa uvimbe ukiguswa na chuma huenea mwilini. Imani hii imewaua wengi. Mara nyingi huzaliwa kwa kuwa mgonjwa alikwenda hospitali amechelewa, akakatwa, akafa, na lawama ikabaki kwa kisu. Kuenea kwa saratani kupitia tundu la sindano nyembamba ni jambo la nadra sana, wakati kuenea kwake kwa kungoja ni jambo la kila siku.

Hata hivyo sindano isisifiwe kupita kiasi. Huleta seli lakini haileti mpangilio wake, mfano wa mtu aliyeletewa matofali ya nyumba akaulizwa nyumba ilikuwa na vyumba vingapi. Kwa limfoma nyingine mpangilio huo ni lazima uonekane, na kwa sababu hiyo kinyofu hakiepukiki. Na pengine kinyofu nacho hakitoshi, kwa sababu aina mbili za saratani zaweza kufanana uso kama mapacha ilhali dawa ya moja haifai kwa nyingine. Hapo ndipo zinapokuja alama za tishu.

Alama hizo ni protini zilizo juu ya seli au ndani yake, nazo husakwa kwa kingamwili, ambayo hukamata umbo moja tu na kuacha mengine yote. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, walibuni namna ya kuzitengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi, na mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kingamwili hubandikwa kitu kinachotoa rangi ya kahawia. Palipo na alama, kioo huwa kahawia. Pasipo, hubaki buluu. Limfoma ya Burkitt huonyesha alama CD20, CD10 na BCL6, hukosa BCL2, na kwa alama iitwayo Ki-67, inayoonyesha seli zilizo katika kugawanyika, karibu seli zote huwa kahawia. Jina hilo Ki-67 wengi hudhani ni la kisayansi sana. Ki ni mji wa Kiel, Ujerumani, ilikogunduliwa, na 67 ni namba ya kishimo katika sahani ya maabara.

Kazi ya namna hii imefanywa nchini mwetu. Katika Muhimbili, Ephata Kaaya, ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili, na Amos Mwakigonja, wakishirikiana na wenzao wa Karolinska, Stockholm, walivitoa ghalani vinyofu vya zamani vilivyogandishwa katika nta, vikakatwa upya na kupimwa kwa alama. Mwaka 2008 na mwaka 2010 yakachapishwa matokeo juu ya limfoma za Tanzania na uhusiano wake na virusi vya UKIMWI na vya Epstein-Barr. Watafiti hao walishughulikia pia saratani ya Kaposi, ambayo ilikuwapo Afrika ya Mashariki kabla ya UKIMWI na ikafumka pamoja nao, na ambayo kirusi chake, kilichogunduliwa mwaka 1994, huacha alama ndani ya kiini cha seli. Mwaka 2017 ikatoka kazi nyingine ya Muhimbili juu ya saratani ya matiti na vipokezi vya homoni. Hiyo si elimu ya anasa. Mwanamke ambaye uvimbe wake una vipokezi hivyo hufaidika na tamoksifeni, kidonge cha kumeza nyumbani. Asiye navyo akipewa kidonge hicho atameza miaka mitano bila faida. Bila ya alama daktari anabahatisha.

Turudi visiwani. Hospitali ya Mnazi Mmoja imekuwa na ushirikiano na watu wa Bergen, Norway, na katika miaka ya 2014 na 2015 ulifanyika hapo utafiti ambao tungependa kila sheha aufahamu, kwa sababu tezi ya shingo ni jambo la kila shehia. Tezi iliyovimba yaweza kuwa kifua kikuu kilichohama mapafuni, yaweza kuwa limfoma, yaweza kuwa saratani iliyotoka kwingine. Kwa mkono zote ni tezi. Desturi ya sehemu nyingi ni kumwanzishia mgonjwa dawa za kifua kikuu na kungoja, na mwenye limfoma hungoja miezi kwa dawa isiyo yake. Watafiti wa Mnazi Mmoja walichukua maji ya tezi kwa sindano, na vinyofu inapobidi, wakavitafutia kwa kingamwili protini iitwayo MPT64, ambayo hutolewa na vijidudu vya kifua kikuu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kipimo hicho kiliuboresha utambuzi katika hospitali ya kawaida, si katika kasri la utafiti. Sindano na alama zilikutana huku huku, mbele ya bustani ya Mnazi Mmoja, na ni watu wachache mno mjini waliojua.

Kutoka Masukulu hesabu ni nyingine. Tukuyu ina hospitali ya wilaya ya Makandana, na wilaya ina hospitali za misheni zenye historia ndefu, kama Igogwe. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo chake Tukuyu, na watumishi wake wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya usubi. Kwa hiyo wilaya ile si mgeni wa hadubini. Mbeya, iliko hospitali ya rufaa ya kanda, ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Lakini Dar es Salaam, waliko Muhimbili na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Uvimbe unaojizidisha kwa siku mbili hauwezi kungoja basi, kisha kungoja zamu, kisha kungoja barua ya majibu ipande tena mlima.

Kioo, kinyume na mtoto, husafiri bila ya nauli kubwa wala chakula cha njiani. Tunachokishauri kwa viongozi wa wilaya na mikoa, na kwa wenzao wa wizara ya kwetu, ni kwamba kila hospitali ya wilaya iwe na watu wawili waliofundishwa kuchukua maji ya uvimbe kwa sindano na kukipakaza kioo vizuri, maana kioo kilichopakazwa vibaya hakisomeki hata na bingwa. Twasema wawili, kwa sababu mmoja atahamishwa. Msomaji wa kioo aweza kuwa mbali. Malawi ilifungua maabara ya patholojia Lilongwe mwaka 2011, na madaktari wake wakawa wanakutana kila wiki kwa picha za hadubini na wenzao walio Marekani, wakizijadili limfoma moja moja. Kama Lilongwe yaweza kuzungumza na Marekani, Makandana yaweza kuzungumza na Mbeya.

Kuna na la hadubini zenyewe. Tangu kije kipimo cha haraka cha malaria, ambacho ni neema na hatukipingi, katika zahanati nyingi hadubini imefunikwa kitambaa na kusogezwa pembeni, na kijana aliyeajiriwa baada ya hapo hajui kuitumia. Mkaguzi akifika huona chombo kipo na kuandika kipo. Aandike pia kama taa yake inawaka.

Jambo la mwisho ni dogo na lina gharama ndogo, nalo ni formalini. Kinyofu hutakiwa kuzamishwa katika formalini ya asilimia kumi yenye ujazo mara kumi ya kinyofu chenyewe, na mara tu kinapokatwa. Kikitiwa maji ya chumvi kwa kukosa formalini huoza njiani, na kikikawia alama zake hufutika, hata kingamwili ya ghali ikipakwa hairudishi rangi. Chupa nayo iwe na mdomo mpana. Nyama huingia ikiwa laini na kupenya mdomo mwembamba kwa urahisi, lakini formalini huikausha ikawa ngumu kama kipande cha mpira, na mtu wa maabara huko mwisho wa safari hulazimika kuivunja chupa ili aitoe. Jina la mgonjwa, umri wake, kijiji chake na mahali uvimbe ulipo viandikwe kwenye chupa yenyewe kwa penseli, si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana, na si kwa wino, kwa kuwa formalini huufuta.